Mzinga Mtupu Mlangoni

Jumatatu, 2 Juni 1913

Sila amemvunja Lydia mkono. Asubuhi kweupe, njia ya kisimani, kwa mpini wa jembe. Nilikuwa nyuma yao na mtungi kichwani. Nimeusikia mfupa. Hakuna aliyeingilia—jirani wote walisimama kama wanaotazama mvua, na mimi mmoja wao.

Sila ana haki yake, wanasema. Nyuki wake wamehama. Mizinga yote aliyotundika upande wa Chimwaga ni mitupu. Masega yapo, asali ipo, nyuki hata wa dawa hayupo. Na nani asiyejua maana yake? Mume akienda porini kwa ajili ya mizinga analala peke yake, na mke nyumbani naye analala peke yake. Mke akiteleza, nyuki wanajua kabla ya mume. Wanakuwa wakali, au wanakwenda zao. Bibi yangu alinifundisha hayo sijaota meno ya pili. Yule bibi wa misheni aliyenifundisha kusoma na kuandika alijaribu kuyafuta kichwani mwangu, akashindwa.

Basi sikumwonea huruma sana. Naandika kweli, hapa hakuna wa kunisoma—Petro mume wangu hajui hata a. Lydia anacheka mno na wapita njia. Lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kinachonishangaza ni kwamba hakutaja jina. Angetaja yakaisha: mwanamume angetozwa ng'ombe, Sila angetulia. Hataki. Mkono unaning'inia na bado anasema hakuna mtu. Sugu!

Alhamisi, 5 Juni

Nimechemsha nta kutwa, macho yananiwasha kwa moshi. Petro amevuna mizinga michache tu na vyungu vyote vimejaa. Nyuki wake hawajawahi kuzaa namna hii. Anatembea kifua mbele.

Jana alipokuwa porini Akida Abbasi alipita. Mtu wa pwani, kanzu nyeupe hata kwenye vumbi letu, anatutukana kwa Kiswahili kizuri sana. Bwana Shauri, yule Mdachi mkuu wa boma la Dodoma, anataka nta. Kila nyumba ilete. Asiyeleta atalazwa chini apigwe kiboko, hamsa ishirini. Msimu uliopita walimlaza mzee mmoja hapa Mtumba, hakuinuka tena. Akida aliniomba maji ya kunywa. Nikampa kibuyu, akanywa amesimama mlangoni, akaenda. Mama mkwe alimtazama mpaka akapotea.

Wakati wa kula Petro amesimulia tena habari ya sega lake. Haimchoshi. Masika alikuwa bomani akijenga ua. Bwana Shauri alikuwa ameletewa nyuki wa Ulaya, kwa meli halafu kwa gari la moshi, ndani ya masanduku yaliyopakwa rangi. Wapole, unaweza kuwafungulia bila moshi. Siku moja Mdachi akafungua masanduku, akachungulia, akafoka. Akaamuru masega yote yatolewe yachomwe. Petro ndiye aliyepewa kazi ya kuchoma. Akachoma yote ila moja, akalificha ndani ya shuka.

"Mzungu hachomi kitu bure, Dorkasi mke wangu," huwa anasema akifika hapo. "Alikuwa anatuficha dawa."

Akalileta nyumbani, akapachika vipande ndani ya mizinga yake. Na aliyebahatika na nyuki halili bahati peke yake, hiyo ndiyo desturi yetu. Anawamegea ndugu, nao wakapachike. Sila alimegewa wa kwanza. Wengine wa ukoo wakafuata. Petro anajiona amewalisha wote.

Jumapili, 8 Juni

Mwalimu Bartolomayo amehubiri juu ya jirani mwema, kanisa zima likamgeukia Sila. Sila akakohoa. Mwalimu ndiye aliyemfunga Lydia mkono kwa vijiti. Baada ya ibada alitembea nami hadi kisimani, akiniuliza kama bado nasoma. Ni mtu mpole, mwembamba, sauti yake haiwezi kumfukuza kuku. Mama mkwe alikuwa amekaa kizingitini, alituona tangu mbali. Nilipofika akasema huyo mwalimu anasindikiza sana. Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nyuki wa nyumba mbili zaidi wamehama, zote za ukoo wa Petro. Mke wa nyumba moja amechomwa kinga cha moto mapajani. Wa nyumba ya pili amekimbilia kwao na damu sikioni. Wanawake wa Mtumba wameingiwa na nini mwaka huu? Au wamekubaliana? Nilimwuliza Petro hivyo, akasema mwanamke mwenye haya siku hizi ni wa kutafutwa kwa taa. Akaniangalia kwa kuridhika. Nikajiona mtu!

Jumanne, 10 Juni

Leo nikichuja masega nimeona kitu. Nyuki waliofia ndani ya asali, na migongoni mwao vijidudu vyekundu, vidogo kuliko mbegu ya uwele. Nyuki mmoja alikuwa na kadhaa, vimemng'ang'ania shingoni. Nikalipasua sega. Hata ndani, kwa watoto wa nyuki, vimo. Ni utitiri! Utitiri kabisa, ndugu yake ule ulionifukuzia kuku mwaka jana. Kuku akayaacha mayai yake, akahamia juu ya paa la tembe, ikabidi nikichome kiota.

Nikamwonyesha Petro. Akasema kumbe nimeanza kuwatafuta nyuki chawa, kesho nitawasuka nywele. Tulicheka sana. Mikono inaniwasha bado.

Jumatano, 11 Juni

Nyuki wetu wamehama.

Ijumaa, 13 Juni

Vidole viwili vya mkono wa kulia havikunjiki. Naandika polepole.

Juzi Petro alirudi kutoka porini bila kuniamkia. Alikuwa amebeba mzinga mtupu begani. Akautupa mlangoni, ukaviringika ukatulia kizingitini. Nilijua. Nimeuona mzinga mlangoni kwa wenzangu. Ukishalala pale mke hapiki, haendi kisimani, hatoki bila kuuruka, mpaka ataje jina.

Sikuwa na jina. Nilimwambia sina. Akanipiga kwa mkono kwanza. Halafu kwa mkanda wa ngozi wa kufungia ng'ombe. Nilianguka juu ya jiwe la kusagia na ndipo vidole vilipokanyagwa, sijui kama alikusudia. Alikuwa analia. Hilo ndilo lililonitia hofu kuliko mkanda—analia, na anapiga. Alikuwa akisema kwamba amelala peke yake juu ya majani na siafu kwa ajili yangu. Mama mkwe alikaa jikoni akichambua mlenda. Jani kwa jani. Hakuinua kichwa.

Jana tena. Leo mara moja tu, amechoka.

Nimekaa na mzinga huu siku nzima tunatazamana. Na jambo moja linanizunguka kichwani. Mimi najijua. Petro hanijui, mama mkwe hanijui, ila mimi najijua. Hakuna mwanamume. Sijamtazama hata mmoja kwa jicho hilo. Na nyuki wamehama! Basi nyuki hawajui lolote. Hawajui na hawajawahi kujua. Bibi yangu alidanganywa, na aliyemdanganya alidanganywa.

Na Lydia alikuwa akisema kweli. Nikiwa na mtungi kichwani.

Jumapili, 15 Juni

Lydia amekuja. Petro alikuwa kwenye pombe. Alikaa upande wa nje wa mzinga, mimi upande wa ndani, mkono wake kwenye vijiti, wangu kwenye kitambaa. Nilimwomba msamaha. Nilimwambia niliamini. Alisema anajua, aliyaona macho yangu siku ile. Hakusema amenisamehe. Akaniuliza kama nimekula, akatoa kiporo cha ugali kifuani.

Nilimwomba aniletee nyuki waliokufa kutoka kwenye mizinga ya Sila. Akaleta wamefungwa ndani ya jani. Utitiri. Nikamwonyesha wetu. Utitiri. Tukatazamana. Kuku akihama kiota hatumwulizi mke wa mtu alilala wapi, tunachoma kiota. Lydia alicheka mpaka akaushika mkono wake kwa maumivu.

Akasema taratibu, "Lilianza kwetu. Na sisi ndio tuliomegewa sega la Ulaya kwanza."

Sila, halafu zile nyumba mbili, halafu sisi. Kila aliyemegewa! Sega ambalo Mdachi aliamuru lichomwe. Dawa! Petro aliileta mwenyewe ndani ya shuka, akaigawa kwa mkono wake.

Lydia alisema tukiwaambia wanaume hivyo, na wakiamini, hawatatupiga sisi tena. Watamwua Petro. Na wasipoamini watatuua sisi. Hakuna njia ya tatu aliyoiona. Akaenda zake kabla Petro hajarudi.

Jioni nikamwambia Petro peke yake. Nilifikiri, ni mume wangu, atasikia. Nilimtilia nyuki kiganjani, nikamwonyesha vile vyekundu, nikasema sega la boma, nikataja nyumba moja moja. Hakunikatiza. Alimsogeza nyuki karibu na moto, akamtazama kwa muda mrefu. Aliona. Najua aliona.

Halafu akamsaga kwa kidole gumba mpaka akabaki unyevu tu. Akaufungua mkanda. Leo hakulia. Leo alipiga kama mtu anayezima moto, na alikuwa akirudia neno moja tu, jina, jina, jina. Meno mawili yametikisika. Mama mkwe ndiye aliyemshika mkono mwishoni, akamwambia ukiua hutapata jina.

Nilimpenda mtu huyu. Mpaka jana nilikuwa bado nampenda.

Jumatatu, 16 Juni

Akida amekuja na askari wake kuchukua nta. Nyumba za ukoo wetu hazina kitu, nyingine zimekimbiwa. Petro akatoa yake yote. Akida akasema haitoshi ukoo. Ukoo mmoja, mgongo mmoja, na kwa vile Petro ndiye anayejisifu kila mahali kwa nyuki, mgongo utakuwa wake.

Walimlaza kifudifudi mbele ya tembe. Askari mmoja miguuni, mmoja kichwani, wa tatu na kiboko. Tulilazimishwa kutazama, mimi niliruhusiwa kuuruka mzinga kwa ajili hiyo. Kiboko cha kwanza kilichana nguo. Baada ya kumi hapakuwa na ngozi ya kuchana. Alinyamaza mpaka katikati, halafu akaanza kulia kama ndama. Akida alikuwa akihesabu huku anakula karanga.

Nitaandika ukweli. Nilifurahi. Vile vya mwanzo nilifurahi, kila kimoja, nikisema moyoni hicho cha vidole, hicho cha meno. Halafu nikaona kisigino chake kinachimba vumbi, kisigino ninachokijua, na nikatapika.

Nilimpaka asali mgongoni, ile ile asali. Alilala kifudifudi uso ukutani. Akazungumza na ukuta. Alisema ndugu zake wameshakutana. Wamesema nisipotaja jina mpaka keshokutwa watataja wao, na jina wanalo. Mwalimu. Mama mkwe ameshawaambia habari ya kusindikizwa. Mkuki umenolewa.

Bartolomayo! Asiyeweza kumfukuza kuku.

Jumatano, 18 Juni

Nimetaja.

Nilikaa usiku kucha nikipima. Nikinyamaza, Bartolomayo anakufa kesho. Nikisema habari ya sega mbele ya ukoo, Petro anakufa, na pengine sisi sote. Nikitaja mwanamume yeyote wa Mtumba, nimemchinja. Basi niliuliza hivi: ni nani ambaye Petro hawezi kumgusa? Ni nani akitajwa Petro atameza mate, atatoa mzinga mlangoni, na aibu itabaki ndani ya ukoo? Aliyemlaza chini. Kanzu nyeupe. Alikunywa maji mlangoni kwangu Petro akiwa porini, na mama mkwe ni shahidi.

Walikuja asubuhi, Sila na wengine, wakasimama nje. Petro alikuwa ameegemea mkuki kama fimbo maana hawezi kunyooka. Nikasema, "Ni Akida Abbasi."

Sila alitazama chini. Mmoja baada ya mwingine wakaaga kwa heshima, kama watu wanaotoka kwenye msiba. Petro aliniangalia, na nadhani alijua kwamba naongopa. Alikuwa ameona utitiri! Lakini jina limeshasemwa mbele ya ndugu zake, halirudi mdomoni.

Mzinga ameuondoa mlangoni. Nimekwenda kisimani. Nilifikiri nimeshinda.

Alhamisi, 19 Juni

Petro hayupo, mkuki haupo. Ameondoka alfajiri akielekea Dodoma, na mgongo ule! Mama mkwe anajigaragaza uani akiniita mwuaji. Huyu huyu aliyechambua mlenda.

Nilihesabu vibaya. Nilimpima Petro kwa woga, nikasahau kwamba kiboko kimeshamwondolea kitu cha kuogopa. Akimwua Akida, watamnyonga kwenye mti wa boma na kuchoma Mtumba. Akishindwa, watamnyonga vilevile. Mimi nilitaka mtu asife.

Nilimkimbilia Mwalimu Bartolomayo nimwambie amfuate, amzuie. Alichukua fimbo na Biblia akaondoka mbio bila kuuliza swali. Ni mtu mwema na mbio zake ni za kusikitisha.

Ijumaa, 20 Juni

Petro amerudi. Mzima! Nilimwona kwa mbali kwenye vumbi, nikaanza kumshukuru Mungu. Halafu nikaona kwamba mkuki wake umebebwa na askari, na yeye hajafungwa. Anatembea nao. Wanazungumza.

Aliyasimulia mwenyewe mbele ya ndugu zake, amekaa upande mmoja, maana mgongo haumruhusu. Alimkuta Akida barazani kwake. Na mlangoni kwa Akida, mzinga mtupu! Naye ana mizinga, watu wanamtundikia karibu na ua wa boma, na nyuki wake wamehama. Na mke wake Swaumu yuko ndani anaulizwa. Petro alitupa mkuki, ukachoma nguzo. Askari wakamshika. Akida akamwuliza amekosewa nini, Petro akasema. Akida akacheka kwanza. Halafu akawaambia askari wamwachie, akamkalisha mkekani pake, akamwagizia kahawa. Aliyemlaza chini Jumatatu! Akaapa kwa Mungu hajanigusa. Akasema mwanamke akitaja asiyeweza kuulizwa anamficha anayeweza. Akasema wake wa nchi hii wamekula njama, na dawa ya njama ni kuwaweka mahali pamoja na kuwapiga mmoja mmoja mpaka majina yafanane.

Petro alisimulia haya kwa majivuno. Alikunywa kahawa na Akida! Sila akakubali palepale kumtoa Lydia. Wale wengine pia.

Bartolomayo hakumfikia. Askari walimkuta njiani wakampiga kwa kitako cha bunduki kwa kuwa anakimbia. Amelala kwake, jicho limefumba.

Wametufunga kamba moja kiunoni. Petro alinifunga yeye. Nikamwambia kwa sauti ya chini, uliona, Petro. Akakaza fundo.

Jumamosi, 21 Juni

Ghala la nta nyuma ya nyumba ya Akida. Daftari na kipande cha kalamu ya risasi vilikuwa ndani ya kanga, mgongoni, na hakuna aliyepapasa mgongo uliochunwa kwa mkanda. Nta imepangwa mpaka darini. Harufu ingekuwa nzuri.

Tuko wanne. Mimi, Lydia, yule aliyechomwa mapaja, na Swaumu mke wa Akida. Mrangi wa Kondoa, mnene, mwenye maneno, uso umevimba upande mmoja. Nilipoingia nilitaka ardhi inimeze. Nilimwambia mimi ndiye niliyemtaja mume wake. Alinitazama, akasema, "Shoga, ningekuwa na nguvu ningekupa zawadi. Ungejua anavyokoroma usingemtaja."

Tulicheka! Humu! Askari akagonga mlango kwa kitako.

Nikawaonyesha utitiri. Nta yote humu imeujaa, ukichuna ukoko unauona umekauka ndani. Nikasema habari ya sega, na jina la Petro sikulificha. Swaumu akapiga kelele ndogo. Akasema ndicho Bwana Shauri alichofokea masika! Yeye alikuwepo, amepeleka chakula. Mdachi alikuwa ameshika nyuki kwa kijikoleo, anamwonyesha Mdachi mwenzake vitu vyekundu, uso mwekundu kuliko hivyo vyenyewe. Akaamuru wachome. Na hata hivyo nyuki wake walihama mwezi uleule, masanduku ni matupu hadi leo. Akauliza na yule mke wa Mdachi, aliyeko Ulaya ng'ambo ya bahari, amezini na nani hata harufu ikafika Dodoma?

Hapo hakuna aliyecheka. Nadhani wazo lilitufikia wote kwa pamoja.

Mimi nilisema. Nilisema kosa langu ni kwamba sikutaja juu vya kutosha. Petro aliweza kumwendea Akida. Akida alikuwa na mkeka na kahawa na kiapo. Lakini ni nani atamwendea yule wa juu yake? Nani atamkalisha barazani na kumwuliza umelala na wake wa Mtumba? Atakayeuliza ndiye atakayelazwa chini. Majina yanatakiwa yafanane—basi yafanane.

Yule wa mapaja alilia, akasema watatunyonga. Swaumu akasema pengine. Akasema Mdachi akisikia ataua mtu, na hajui kama ataanza na sisi au na waliotuuliza. Mimi sijui pia. Nimeshahesabu vibaya mara moja.

Na tena, Mdachi ndiye aliyewaleta nyuki wale. Hilo si uongo.

Lydia akasema atatangulia. Mkono ameshautoa, hana cha kuogopa kwa upande huo.

Wameshamwita. Kwenye ufa wa mlango naona miguu ya Petro, ya Sila, kanzu ya Akida, viatu vya askari. Kiboko. Moja. Hapigi kelele. Mbili. Akida anauliza kwa upole, kama mtu anayenunua kitu. Tatu. Sila anasema mwongeze. Nne—

Amesema. Nimemsikia vizuri. "Bwana Shauri."

Kiboko kimesimama.

Nasikia kuku wa Akida wanaparua nyuma ya ghala. Miguu ya Petro imerudi nyuma. Akida anamwambia aseme tena, polepole, na sauti yake imekauka. Lydia anasema tena, kwa sauti ya kumwita mtu aliye ng'ambo ya reli, na anaongeza ya kwake—mkamwulize.

Askari mmoja amevua kofia yake. Sijui kwa nini. Mwingine anakwenda haraka upande wa boma, na Akida anamwita kwa jina, rudi, rudi wewe, na yule harudi.

Swaumu amenishika mkono, ule mbovu, na sitaki auache.

Mlango. Wanasema Dorkasi.